Sosi ya nyanya na jibini inanikatikia kila nikipika, nakosea wapi?

Baba Wawili: Wakuu, habari za jioni. Binti yangu wa miaka tisa alikula makaroni ya sosi laini ya rangi ya chungwa kwenye sherehe, tangu siku hiyo nyumbani hapakaliki. Nakaanga kitunguu maji na swaumu, natia nyanya nne zilizosagwa, zikichemka namimina kikombe cha maziwa fresh, halafu jibini iliyokunwa. Mara mbili zote maziwa yamekatika: mabonge meupe yanaelea kwenye maji mekundu, jibini imeng'ang'ania chini ya sufuria kama bigijii. Jana mtoto kachungulia, kauliza, "Baba, hii supu ya mtindi?" Jumamosi shangazi yake anakuja. Nisaidieni.

Kijana Mtata: Mke yuko wapi mkuu?

Baba Wawili: Kazini. Wewe la sosi huna?

Chungu Kimoja: 😂 Umeshajibiwa, Mtata. Baba Wawili, nyanya ni chachu. Kumimina maziwa kwenye nyanya zinazotokota ni sawa na kuyakamulia limao. Umepika jibini ya pili bila kujua! Maziwa mafuta yake kidogo, hayastahimili. Tafuta krimu ya kupikia yenye mafuta asilimia 30 hivi, nusu kikombe inatosha. Na nyanya zikaange kwanza mpaka maji yakauke, mafuta yajitenge pembeni. Watu wengi hawana subira hapo, sosi inabaki na ubichi.

Mtoto wa Mkwajuni: Mbona sisi wa Pwani haya tunayajua? Tui zito unalitia mwisho, moto mdogo, mwiko hautoki mkononi, na hufuniki sufuria. Krimu ifanyie hivyo hivyo. Chota kwanza upawa wa sosi ya moto, changanya na krimu kwenye bakuli, ndipo urudishe sufuriani.

Fundi Magadi: Tia ncha ya kijiko ya magadi ya unga kwenye nyanya, uchachu unapungua.

Chungu Kimoja: Ncha kweli, si kijiko. Ikizidi utakula sabuni.

Baba Wawili: Na jibini? Nilitumia mozzarella.

Chungu Kimoja: Hiyo ya pizza, kazi yake kuvutika. Kwa sosi chukua cheddar, kipande ukune mwenyewe. Ile ya pakiti iliyokwishakunwa hupakwa unga isigandane, na sosi inakuwa na chengachenga. Zima jiko kabisa, subiri dakika moja, nyunyiza kidogo kidogo huku unakoroga. Moto mkali unaikaza jibini na kuikamua mafuta. Ikiwa nzito, ongeza maji uliyochemshia makaroni, ule wanga unashikanisha.

Baba Wawili: MREJESHO. Wakuu, imekubali! Nyanya nilizikaanga kama dakika ishirini, jasho linanitoka. Kosa moja tu: yale maji ya makaroni niliyatia chumvi vizuri, nikasahau kwamba jibini nayo ina chumvi yake, ikawa kali kidogo. Shangazi mtu kanyamaza, kaongeza sahani. Kisha kaniambia tambi anazozijua yeye ni za sukari na iliki, za Idi. Binti kalamba mwiko.

Kijana Mtata: Mkuu, weka vipimo basi, na mimi wife kasafiri.