Fomu ya ulinzi wa taarifa imenikwamisha, naombeni ushauri

DadaSakina: Wakuu, habari za saa hizi. Niko Arusha, ofisi ya utalii, tupo wanne. Mfumo tunaopokelea wageni ni wa kampuni ya Ujerumani. Wametuma fomu: kila wakala athibitishe kuwa amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, la sivyo wanafunga akaunti. Na msimu wa wageni ndio huu. Nifanyeje?

Njiro_Boy: Jisajilini. Sheria ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Mlikuwa wapi?

Baba Wawili: Kampuni za nje ndivyo zilivyo. Nilikuwa teksi mtandao Dar. 2022 kamisheni ilishushwa hadi asilimia 15, kampuni ikasimamisha huduma. Nawasha simu, hakuna abiria, na gari la mkopo. Nikarudi Moshi kulima nyanya.

MamaNgaramtoni: Baba, dada kauliza fomu. Mdogo wangu, hawakuonei. Kwao Ulaya, tangu 25 Mei 2018 faini ya kuvunja sheria ya taarifa binafsi inafika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo kubwa. Sasa na huku kuna sheria, wanabanwa pande mbili. Pasipoti za wageni mnaweka wapi?

DadaSakina: Grupu la WhatsApp la madereva. Getini hifadhini wanahitaji namba za pasipoti, dada, na si sisi peke yetu.

MamaNgaramtoni: Na fomu umejibu nini?

DadaSakina: Niliweka tiki ya "ndiyo" Ijumaa. Bosi yuko porini, hapatikani, na mwisho ilikuwa saa sita usiku. Ningeacha akaunti ifungwe? Si tutajisajili tu.

Mwinjilisti_Moshi: Uongo ni uongo, binti, hata wa tiki.

Njiro_Boy: Hii chai. Nani anapokea tiki bila namba ya cheti?

Baba Wawili: Hata mimi nimeanza kushtuka.

DadaSakina: Namba wameiomba leo asubuhi. Ndiyo maana niko hapa, kaka.

MamaNgaramtoni: Basi waandikie leo leo kwamba usajili haujafanyika, uombe muda. Na zile pasipoti zifute.

DadaSakina: Barua pepe nimetuma. Picha za zamani zinafutika kwangu tu. Nimeona ya mama na mwanawe, kidole cha dereva kimeziba nusu ya jina, namba yote inasomeka. Dereva huyo aliacha kazi Machi. Bado yumo kwenye grupu.