Naomba ushauri: nimpeleke mtoto kuona Ladri di biciclette (yaani "Wezi wa Baiskeli")?

Wakuu habari zenu. Niko Italia huku, ile filamu ya Vittorio De Sica ya 1948 imerudishwa kwenye majumba ya sinema, picha zimesafishwa upya, na natamani sana nimpeleke kijana wangu wa darasa la tatu maana baiskeli ndo maisha yake. Sasa ni ya black and white, inaenda taratibu, halafu pale mwisho mtoto anamshuhudia baba yake anaiba na kukamatwa, mi mwenyewe pale nalia. Yule baba, Lamberto Maggiorani, hata hakuwa muigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, ndo maana uso wake unauma vile. Mlioenda na watoto, atahimili? Nimsimulie stori kabla au nimwache aone mwenyewe?