Ulinganisho: Luger tatu na Mauser moja, ipi haijachezewa na muuzaji?

Mkusanyaji_Houston
Wakuu, salaam. Nachagua bastola moja kati ya nne za zamani za jeshi la Ujerumani, zote ziko kwa wauzaji wenye leseni huku Marekani. Ni ya kuhifadhi, si ya kupigia shabaha, na sitaki thamani yake iporomoke siku nikiuza.

A: Luger P.08 ya DWM (kiwanda cha silaha cha Ujerumani), mwaka 1916, mtutu wa milimita 100. Bluu, yaani rangi nyeusi-bluu ya chuma, imebaki kama asilimia 60. Namba zote zinaishia 67 isipokuwa wenzo wa kufungulia, wenye 41. Dola 1,900. Muuzaji anasema akiongezewa 150 "ataulinganisha".

B: Luger ya artileri (ya askari wa mizinga), DWM 1917, mtutu wa milimita 200, pamoja na kitako cha mbao. Inang'aa kama mpya, namba zote sawa. Dola 4,200.

C: Luger byf 42 (alama ya kiwanda cha Mauser, mwaka 1942), mabamba ya mpini ni ya plastiki nyeusi, magazini mbili zenye alama ya fxo, na ala. Inauzwa kwa jina la "Black Widow". Dola 2,800.

D: Mauser C96 yenye 9 nyekundu kwenye mpini. Dola 2,600.

Mngechukua ipi, na kwa nini?

Mzee_wa_Mihuri
Mkuu, A, na mwambie muuzaji asiuguse huo wenzo hata kwa kitambaa. Namba 41 inasema ukweli: sehemu moja ilibadilishwa, pengine kwenye karakana ya jeshi, pengine baada ya vita. Akifuta 41 kwa tupa na kugonga 67, umelipa dola 150 ili bastola yako iwe ya kughushi. Mnunuzi ajaye atamulika kwa lenzi ya mara 10, ataona chuma kimezama pale namba ilipo, halafu hataamini tena hata zile 67 nyingine ambazo ni za kweli. Tofauti ya sehemu moja inapunguza thamani kidogo na inajulikana wazi. Namba ya kughushi inaua bastola nzima.

Namna ya kukagua A: toa magazini, vuta goti (kiungo cha juu kinachokunjika) nyuma uhakikishe chemba ni tupu, kisha fungua. Namba kamili, pamoja na herufi ndogo chini yake kama ipo, iwe mbele ya fremu, kwenye mtutu na ubavuni kushoto mwa risiva (sehemu ya juu inayoshika mtutu). Tarakimu mbili za mwisho zifuatilie kwenye bamba la pembeni, kifyatulio, sefti (kizuizi cha usalama), viungo vya goti na kitoa ganda, na ndani ya mbao za mpini. Upande wa kulia wa risiva utafute herufi za wakaguzi zenye taji juu, na mhuri wa tai wa majaribio ya kufyatua.

Chuma_Chakavu
Naongezea la rangi, kwa sababu hapo ndipo B itaanguka au itasimama.

Luger za enzi ya Kaisari zilipakwa bluu ya kutu: chuma hupakwa tindikali, huachwa kishike kutu, huchemshwa, husuguliwa kwa brashi ya waya laini, na kazi inarudiwa mara kadhaa. Ilifanyika nje tu. Ndani ya fremu na uso wa mdomo wa mtutu vilibaki chuma cheupe. Mauser, waliotengeneza Luger baadaye, walihamia bluu ya kuchovya mwaka 1937, yaani sehemu nzima inazamishwa kwenye chumvi moto, na humo kila kona inakuwa nyeusi.

Kwa hiyo fungua bastola ya 1917 utazame ndani. Ukikuta weusi kwenye njia za risiva ndani ya fremu, imechovywa upya, na hakuna hadithi ya muuzaji itakayobadilisha hilo. Ukikuta vishimo vya kutu vimefunikwa na bluu safi, vivyo hivyo: kutu haili chuma chini ya rangi bila kuiharibu rangi kwanza.

Kabla ya kupaka upya lazima chuma kisafishwe, na gurudumu la polishi haliko makini. Kingo kali za fremu huwa mviringo. Matundu ya pini hufunguka mdomo kama faneli. Ubavu ulionyooka unakuwa na mawimbi ukiutazama kwa pembe chini ya taa moja. Nembo ya DWM juu ya goti inakuwa hafifu upande mmoja. Dalili inayonishawishi zaidi ni mihuri iliyogongwa baada ya chuma kupakwa bluu: nyundo huinua chuma kuzunguka mhuri, ile bluu ya juu inachubuka, na unaona duara jepesi la weupe. Bastola iliyopakwa upya ina bluu hadi ndani ya mihuri yote, sawasawa, na hilo duara halipo.

KijanaWaLikoni
Samahani wakuu, mimi bado sijaelewa kosa ni nini. Gari la zamani likipakwa rangi vizuri linapanda bei. Kwa nini bastola ishuke?

Chuma_Chakavu
Kijana, rangi ya gari inakaa juu ya bati. Bluu ni ngozi ya chuma chenyewe, na ukiiondoa unaondoa pia sehemu ya mihuri. Mkusanyaji analipia mihuri. Ndiyo maana bluu ya asilimia 50 iliyochakaa kihalali huwa ghali kuliko asilimia 100 ya mwaka jana.

Nyundo_na_Tupa
Sikubaliani kabisa na kuzitupa zilizopakwa upya. Mtu anayetaka bastola ya uwanja wa shabaha, iliyopakwa upya na yenye namba mchanganyiko ndiyo yake, kwa sababu haimpi hofu ya kuharibu kitu. Shida ni bei. Ikiuzwa kama ya kupigia, kwa nusu ya ile ya asili au chini ya hapo, hakuna aliyeibiwa. Ikiuzwa kwa dola 4,200 na neno "restored" (imekarabatiwa) limefichwa mstari wa mwisho wa tangazo, hapo ndipo wizi unapoanzia.

Kuhusu rangi ya majani makavu. Kifyatulio, sefti, wenzo wa kufungulia na kitufe cha magazini vya Luger za zamani vilipashwa moto hadi vikawa na manjano ya dhahabu, kiasi cha nyuzi 230 za Selsiasi. Ukipita hapo inakuwa kahawia, karibu na 280 inakuwa zambarau, na kufikia 300 ni bluu. Wauzaji wanaopamba hutumia kichomeo cha gesi, basi ncha nyembamba ya kifyatulio inapata joto haraka na kuwa zambarau wakati shina bado ni njano. Wengine hupaka dawa, na dawa hiyo hujikusanya kwenye mikwaruzo. Ya asili ni sawasawa na imefifia pale kidole kinapogusa. Kifyatulio chenye manjano kamili kwenye bastola ya asilimia 60 kinapaswa kukusimamisha.

Mzee_wa_Mihuri
Turudi kwenye B, maana artileri ndiyo inayoghushiwa kwa faida kubwa. Bei yake ni maradufu ya P.08 ya kawaida au zaidi, na mitutu mipya ya milimita 200 inauzwa waziwazi. Kagua haya:

Mstari wa ulinganifu. Kiwandani mtutu ulipokazwa, patasi iligongwa mara moja chini, ikikata kola ya mtutu na risiva kwa pamoja. Nusu mbili zikipishana, au upande mmoja ukiwa mpana na mwingine mwembamba, mtutu huo haukuzaliwa na risiva hiyo.

Kipenyo. Chini ya mitutu mingi ya DWM ya wakati wa vita kuna kipimo kilichogongwa, kwa mfano 8,83, kwa mkato wa Kijerumani. Mtutu wa kisasa mara nyingi hauna, au una nukta badala ya mkato.

Kilengeo. Bapa lake limepimwa hadi mita 800 na lina tarakimu mbili za mwisho za namba. Namba hiyo ilinganishe na ile ya mtutu kwa umbo la tarakimu, hasa 4 na 7.

Kitako. Cha asili kina namba ya bastola kwenye chuma chake. Kisicho na namba ni mbao nzuri tu.

Bi_Sharifa_Muscat
Mnaipita C haraka. "Black Widow" si jina la jeshi, ni la wafanyabiashara wa silaha wa Marekani baada ya vita. Kila upande wa mpini wa Luger unashikwa na skrubu moja. Mtu mwenye byf 42 ya mbao na jozi ya plastiki nyeusi anatengeneza "Black Widow" kwa bisibisi. Zipo zilizotoka kiwandani na plastiki, hilo ni kweli, lakini mpini peke yake hauthibitishi chochote, wala magazini za fxo, ambazo ni za kiwanda cha Haenel na zinauzwa moja moja. Lipa bei ya byf 42 ya kawaida. Hicho kingine unalipia jina.

Na kama bluu ni nzito, nyeusi mno, na plastiki ina duara katikati kama alama ya shabaha, hiyo ilipita kwenye ukarabati wa polisi wa Ujerumani Mashariki. Wauzaji hubadilisha plastiki hiyo kwanza kabisa.

Ndugu zetu mlioko nyumbani: hizi ni mada za walioko Marekani na Ulaya. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na Kenya ina yake. Msidhani umri wa bastola unawaondolea leseni.

Nyundo_na_Tupa
D kwa ufupi. Jeshi liliagiza C96 150,000 za 9 mm mwaka 1916, na 9 ilichongwa kwenye mpini na kutiwa rangi nyekundu ili askari asiweke risasi za 7.63. Mpini unaweza kuchongwa jikoni, kwa hiyo usiutazame. Tazama bapa la kilengeo: za mkataba huo zimepimwa hadi 500, za kiraia za 7.63 kwa kawaida ni hadi 1000. C96 nyingi zilizochakaa mtutu zilitobolewa upya kuwa 9 mm, kisha zikavalishwa mpini mwekundu. Ukiona 9 nyekundu na bapa la 1000, ni hiyo.

KijanaWaLikoni
Na Luger za wanamaji? Kuna tangazo linasema ilitoka kwenye Königsberg, Rufiji.

Mzee_wa_Mihuri
Königsberg, manowari ya Wajerumani, ilizama Rufiji tarehe 11 Julai 1915, na mizinga yake ilibebwa na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Hiyo ni historia yetu, ndiyo maana wauzaji wanaipenda. Lakini bastola inahitaji ushahidi wake. Luger ya wanamaji ina mtutu wa milimita 150, kilengeo chenye mita 100 na 200 kwenye kiungo cha nyuma cha goti, na mihuri ya M yenye taji. Bila karatasi ya wakati ule yenye namba ya bastola hiyo, neno Rufiji haliongezi hata senti.

Mkusanyaji_Houston
Asanteni sana. Muuzaji wa B ametuma picha za ndani. Njia za fremu ni nyeusi tii. Chini ya mtutu hakuna kipimo chochote, na mstari wa kwenye kola umepishana na wa risiva kama nusu milimita. Anasema "ulilegea ukakazwa tena".

Chuma_Chakavu
Mtutu uleule ukikazwa tena mahali pake, mstari unarudi palepale, la sivyo kilengeo cha mbele kinalala upande. Hapo una P.08 iliyochovywa upya na kutiwa mtutu mpya. Muombe aandike kwenye risiti "mtutu wa asili, bluu ya asili", uone kama atasaini. A bado ipo?

Mkusanyaji_Houston
Ipo. Nimemwambia aiache na 41 yake, ameshusha hadi 1,800.

Mzee_wa_Mihuri
Chukua. Ikifika, pakaa mafuta mepesi tu, usiisugue kwa sufi ya chuma, na piga picha kila mhuri siku ya kwanza.