Jezi ya nani kwa mtoto wa beisi ya pili: Robinson, Morgan au Altuve?

BabaK_MN (mleta uzi)
Habari zenu wadau. Mtoto wangu ameingia timu ya besiboli ya mtaani kwetu hapa Brooklyn Park, Minnesota, na kocha amempanga beisi ya pili. Jumamosi ijayo wana siku ya familia. Kila mtoto avae jezi ya mchezaji mkubwa wa nafasi anayoicheza, kisha asimame mbele ya wazazi aeleze mambo matano juu ya mchezaji huyo ambayo watu wengi hawayajui. Mimi nimekulia kwenye soka, besiboli nimeanza kuifuatilia kwa ajili yake. Nimechuja majina hadi nimebaki na matatu: Jackie Robinson, Joe Morgan na José Altuve. Ningechukua ipi? Naomba majibu mapema, kuagiza kunakula siku.

KijanaWaPwani (Houston)
Mkuu, umeacha nusu ya habari. Mtoto ana miaka mingapi? Anarusha kwa mkono gani? Bajeti ni kiasi gani? Jezi halisi ya mtu mzima huvuka dola 100 bila shida.
Ila mimi jibu langu ni Altuve. Ana futi 5 na inchi 6 tu. Alipokwenda kwenye majaribio kwao Venezuela, pale Maracay, walimrudisha nyumbani kwa sababu ya kimo. Kesho yake akarudi palepale. Wakamsaini mwaka 2007 kwa dola 15,000, hela ndogo sana kwenye mchezo huo. Kuanzia hapo amekuwa mpigaji mwenye wastani wa juu kuliko wote wa ligi yake mara 3 (2014, 2016, 2017) na mchezaji bora wa ligi mwaka 2017. Mtoto mdogo wa mwili akisikia hayo anashika kigongo kwa moyo mwingine.

Mwalimu_Mstaafu (Columbus)
Kwa heshima zote, hilo chujio limepitisha vidogo likazuia vikubwa. Rogers Hornsby yuko wapi? Mwaka 1924 alipiga kwa wastani wa .424. Kwa wageni: katika kila nafasi 1,000 za kupiga, 424 zinakuwa mipigo salama, na mtu akifikisha 300 tayari anaitwa mpigaji mzuri. Mara 2, mwaka 1922 na 1925, aliongoza ligi kwa wastani, kwa homurani (mpira unaopigwa hadi nje ya ukuta wa uwanja) na kwa kuingiza wenzake nyumbani (yaani kuleta alama), yote matatu msimu mmoja. Jambo la kumpa mtoto: Hornsby hakwenda sinema wala hakusoma magazeti msimu ukiwa unaendelea, akiogopa kuchosha macho yake.
Na Nap Lajoie? Mwaka 1901 alipiga .426, na timu ya Cleveland ikaitwa Naps kwa jina lake akiwa bado anaichezea. Niambieni ni nani mwingine amepewa heshima ya namna hiyo.

DadaZuhura (Toronto)
Mwalimu shikamoo. Hizo namba ni kubwa, lakini Hornsby na Lajoie walicheza kwenye ligi iliyowafungia mlango wachezaji weusi. Hawakupambana na warushaji bora wote wa zama zao. Ligi yenyewe mwaka 2024 iliingiza takwimu za Negro Leagues, ligi za wachezaji weusi za enzi hizo, kwenye kumbukumbu zake, na aliyekaa juu kwa wastani wa maisha yote sasa ni Josh Gibson, .372. Ty Cobb, aliyekuwa juu kabla yake, ameshuka.
Baba K, mchukulie Jackie Robinson. Tarehe 15 Aprili 1947 alifungua mlango uliofungwa zaidi ya miaka 60. Namba yake 42 ilistaafishwa mwaka 1997 katika timu zote za ligi kuu, na kila 15 Aprili wachezaji wote wanaivaa siku hiyo moja. Halafu ninyi mnaishi Brooklyn Park na yeye alichezea Dodgers, waliokuwa Brooklyn ya New York wakati huo. Mtoto ana pa kuanzia.

Mwalimu_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Juu ya mlango kufungwa sina ubishi, ni dhuluma. Ila kocha amesema mchezaji wa NAFASI. Jackie mwaka 1947 alicheza beisi ya kwanza msimu mzima, kwa kuwa beisi ya pili ilikuwa ya Eddie Stanky. Stanky alipouzwa Boston mwaka 1948 ndipo Jackie akahamia ya pili, na miaka yake ya mwisho akawa anapelekwa beisi ya tatu na nje.

DadaZuhura
Na mwaka 1949, akiwa beisi ya pili, alipiga .342, akaiba beisi 37 (yaani kukimbilia beisi inayofuata kabla mpira haujapigwa) na kuwa mchezaji bora wa ligi. Haitoshi?

Salum_Temeke (Dar es Salaam)
Samahanini wakuu, nasoma kimyakimya. Hiyo beisi ya pili ni kazi gani hasa? Kwa nini mnauliza mkono anaorushia?

Mwalimu_Mstaafu
Swali zuri, kijana. Beisi nne zimepangwa kwa umbo la almasi. Mchezaji wa beisi ya pili hasimami juu ya beisi yake, anasimama kati ya ya kwanza na ya pili, nyuma kidogo. Kazi yake ngumu kuliko zote inakuja pale adui ameshafika beisi ya kwanza na mpira mpya unabiringika upande wa kushoto wa uwanja. Anakimbilia beisi, anapokea mpira kutoka kwa mwenzake, anakanyaga, anageuka na kurusha beisi ya kwanza, huku mkimbiaji anamteleza miguuni. Wanatoka wawili kwa mpira mmoja. Anayerusha kwa kulia anageuka mara moja tu. Wa kushoto inabidi azungushe mwili mzima, na mpira ukifika mpigaji ameshapita. Ndiyo maana huoni wa kushoto kwenye nafasi hiyo.
Bingwa wa kazi hiyo ni Bill Mazeroski wa Pittsburgh, alishiriki kutoa wawiliwawili mara 1,706, na hakuna mchezaji wa beisi ya pili aliyemfikia. Ajabu yake ni kwamba watu wanamkumbuka kwa kupiga. Tarehe 13 Oktoba 1960, mchezo wa 7 wa World Series, yaani fainali ya ligi kuu, dhidi ya Yankees, awamu ya 9 ambayo ni ya mwisho, matokeo 9-9, akaupeleka mpira juu ya ukuta. Mechi ikaisha palepale. Homurani ya kumaliza mchezo wa 7 wa World Series haijatokea tena mpaka leo.

MzeeKombo (Dallas)
Baba K, nisikilize kabla hujatoa kadi. Mwaka juzi mwanangu alitaka Robinson 42 ya Brooklyn. Dukani niliona bei nikashtuka, nikaingia mtandaoni nikapata muuzaji anaiuza dola 35. Picha safi kabisa. Walisema siku 10, ikafika wiki ya 5, birthday imeshapita na keki imeshaliwa. Nikafungua kifurushi: kitambaa chepesi kama cha pazia, na mgongoni juu ya namba wameandika ROBINSON kwa herufi kubwa. Mimi sikujua tatizo. Mwanangu alipoivaa mazoezini, mzazi mmoja mzee akamwambia kwa upole kabisa kwamba Brooklyn hawakuandika majina mgongoni. Timu ya kwanza kufanya hivyo ni White Sox mwaka 1960, na Jackie alikuwa ameshastaafu. Mtoto alirudi kwenye gari akaivua. Mama yake akaifua mara moja, ile 4 ikabanduka yote. Nikaandika barua pepe 6 kudai hela yangu. Nililipwa nusu, nikaambiwa nusu nyingine ni gharama za usafiri.
Sijasema hayo ili usinunue Robinson. Nunua, lakini uishike kwa mikono yako kwanza. Na kama ni ile ya mbele yenye namba nyekundu ndogo chini ya neno Dodgers, hiyo namba ya mbele ilianza 1952. Mtoto akilisema hilo mbele ya wazazi, tayari amepata jambo moja kati ya matano.

KijanaWaPwani
Pole sana Mzee Kombo. Hiyo ya mgongo nimejifunza leo.

Otieno_Tacoma
Hakuna aliyemtetea Joe Morgan mpaka sasa? Mchezaji bora wa ligi mwaka 1975 NA 1976, na Cincinnati ikachukua World Series miaka yote hiyo miwili. Mwaka 1975 mchezo wa 7, awamu ya 9, mpigo wa ushindi ni wake. Alikuwa na futi 5 na inchi 7, hamzidi Altuve sana. Aliiba beisi 689. Alikuwa anapepesa kiwiko cha kushoto kama bawa la kuku akisubiri mpira. Hiyo alifundishwa na Nellie Fox walipokuwa pamoja Houston, ili kiwiko kisishuke anapopiga. Fox naye ni mtu wa beisi ya pili, mchezaji bora wa ligi mwaka 1959. Mtoto anaweza kuonyesha kile kiwiko jukwaani, wazazi wote watamjua kabla hajataja jina.
Altuve mimi simpingi kwa uwezo, ila timu yake ya 2017 iliiba ishara za wapinzani kwa kamera na kugonga pipa la taka ili mpigaji ajue ni mpira wa aina gani unakuja. Swali hilo litaulizwa siku hiyo, na mtoto ndiye atakayelijibu.

KijanaWaPwani
Wachezaji wenzake wenyewe walisema Altuve hakutaka pipa ligongwe akiwa anapiga. Kuwa mkweli kaka. Msimhukumu mtu mmoja kwa dhambi ya chumba kizima. Kama hamumtaki, basi chukueni Craig Biggio wa hapahapa Houston: alianza kama mdakaji, mwaka 1992 akahamia beisi ya pili, akamaliza na mipigo 3,060. Amegongwa na mpira mara 285 bila kukimbia. Huyo ndiye mtu.

BabaK_MN
Nashukuru sana wote. Nilikuwa kazini. Majibu: ana miaka 10, bajeti ni dola 70. Kuandika anaandika kwa kushoto na kupiga anapigia upande wa kushoto, ila kurusha anarusha kwa kulia, kocha alilikagua hilo. Ni mdogo wa mwili. Na labda ningesema tangu mwanzo: ni msichana. Yuko peke yake kwenye timu ya wavulana 11.

MamaTriza (Saint Paul)
Baba K!! Hilo ndilo lilitakiwa liwe mstari wa kwanza.
Mtafute Toni Stone. Amekulia hapahapa Saint Paul, jina lake la kuzaliwa ni Marcenia. Mwaka 1953 Indianapolis Clowns walimsaini acheze beisi ya pili, mwanamke wa kwanza kuwa mchezaji wa kawaida kwenye Negro Leagues. Hank Aaron, mpigaji homurani mashuhuri, alikuwa amepita timu hiyo mwaka mmoja tu kabla yake. Walitaka avae sketi uwanjani ili kuvutia watu, akakataa, akavaa suruali kama wenzake. Mwaka 1954 akaenda Kansas City Monarchs, na nafasi yake pale Clowns akaichukua mwanamke mwingine, Connie Morgan, yeye pia wa beisi ya pili. Hapa mjini kuna uwanja wenye jina la Toni Stone. Mpeleke Jumapili apige picha, ni mwendo mfupi kwa gari.
Mimi nilicheza raunda shuleni Kisii na nilikuwa napiga kuwashinda kaka zangu. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna mwanamke aliyewahi kulipwa kwa kazi hiyo.

DadaZuhura
Machozi yamenilenga. Naondoa kura yangu kwa Jackie, nampa Toni.

Otieno_Tacoma
Mama Triza, jezi ya Clowns yenye jina lake inapatikana wapi kwa dola 70 ndani ya siku 9? Siombi ubishi, nauliza kweli.

MamaTriza
Ya dukani sijaiona. Fulana nyeupe, duka la kuchapisha, herufi CLOWNS mbele. Mgongoni msiandike jina, mmesikia ya Mzee Kombo.

Mwalimu_Mstaafu
Toni Stone anastahili. Lakini kwa mtoto anayepiga kushoto na kurusha kulia, angalieni mstari huu: Eddie Collins, Charlie Gehringer, Joe Morgan, Rod Carew. Wote hao ni wa beisi ya pili na wote wako hivyo hivyo kama huyu binti. Carew ni wa Minnesota kabisa. Alizaliwa mwaka 1945 ndani ya treni kule Panama, akapewa jina la daktari aliyemzalisha, akahamia Marekani akiwa kijana. Mwaka 1969 aliiba beisi ya nyumbani mara 7. Hadi 1975 alikuwa beisi ya pili, kisha ya kwanza. Mwaka 2016 alipandikizwa moyo, na moyo ule ulikuwa wa kijana aliyecheza mpira wa Kimarekani. Jezi ya Twins namba 29 unaipata mjini leo hii bila kuagiza.

DadaZuhura
Mwalimu, si ulisema NAFASI? Carew alimaliza beisi ya kwanza.

Mwalimu_Mstaafu
Misimu 9 ya mwanzo, binti yangu. Misimu 9.

Salum_Temeke
Nimeanza kuupenda mchezo huu. Kuna mtu wa beisi ya pili aliyewahi kuwatoa watatu peke yake?

Mwalimu_Mstaafu
Bill Wambsganss wa Cleveland, World Series ya 1920. Aliudaka mpira hewani, wa kwanza nje. Akakanyaga beisi ya pili kabla mkimbiaji hajarudi, wa pili nje. Aliyekuwa anakuja kutoka beisi ya kwanza akamgusa, wa tatu nje. Hakurusha mpira kwa mtu yeyote. Katika World Series haijawahi kutokea tena.

BabaK_MN
Nimemsomea uzi huu wote mezani. Habari ya sketi ameniambia niirudie mara mbili. Kisha akaniuliza Carew alizaliwa treni ikiwa inakwenda au imesimama, nikakosa jibu. Sasa hivi yuko uani anajaribu kile kiwiko cha Morgan. Kesho jioni tunaenda kuangalia hiyo 29 dukani, na duka la kuchapisha liko mtaa huohuo. Mama yake anasema nimwache achague mwenyewe.

MzeeKombo
Glavu anayo lakini? Kwa miaka 10 na nafasi hiyo usizidishe inchi 11, ikiwa kubwa mpira unapotelea ndani na hawezi kuutoa haraka.

BabaK_MN
Ana ya kuazima, inchi 12.

MzeeKombo
Dola 70 hizo zipeleke kwenye glavu kwanza, ndugu yangu. Mimi ninayo ya mwanangu ya inchi 10.5, imemwishia. Niandikie pembeni, nalipia posta.