Tupeane uzoefu: mliowahi kufanya meditesheni, ilikuwaje?

Kibatari: Wakuu, habari za jioni. Presha imenipanda, daktari kanishauri pamoja na dawa nijaribu meditesheni. Naamka alfajiri nakaa dakika kumi kabla jirani hajafungulia redio. Ikifika ya nne miguu imekufa ganzi na kichwa kinapiga hesabu za kodi ya nyumba. Mliopita huku tupeane uzoefu.

Chumvi Nyingi: Ya nne mbali. Mimi ya pili nakoroma.

Binti Mwambao: Umenikumbusha mbali. Nilianzia pale hekalu la Wabudha Upanga, mtawa wa Kisri Lanka akanifundisha: hesabu pumzi moja mpaka kumi, ukipotea anza upya. Mwaka wa pili huu, saba naisikia tu. Ila kilichonitoa jasho ni ile amri yao ya kwanza, usiue kiumbe. Nikamuuliza, na mbu? Akasema, "Funga chandarua, mwanangu."

Mlinzi wa Geti: Endeleeni tu. Akili ikiwa tupu anaingia asiyealikwa. Mkianza kupandisha mapepo msije kutafuta wachungaji usiku.

Binti Mwambao: Nani kakwambia inakuwa tupu? Kaa dakika moja tu, kaka, uone inavyojaa.

Fundi Saa: Ngoja niseme, maana hili sijawahi kulisimulia.

Nilienda kozi ya siku kumi ya vipassana, meditesheni ya Kibudha ya kutazama hisia za mwili, kule Kenya, zile za Goenka. Huyu alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Burma, kipandauso ndicho kilimfikisha kwenye meditesheni. Alifariki 2013, lakini kozi zake mpaka leo anafundisha mwenyewe kwa kanda. Hulipi, ukimaliza unachangia ukipenda. Simu unakabidhi, kalamu unakabidhi, kuongea marufuku, hata kutazamana na mwenzako. Kengele saa kumi alfajiri. Chakula cha mwisho saa tano asubuhi, jioni sisi wa mara ya kwanza chai na tunda. Mwenzenu nilikuwa naitazama ndizi kama mshahara.

Siku tatu za mwanzo kazi ni pumzi inavyopita puani, basi. Mimi nilizimaliza nikimgombeza mpangaji wangu kichwani. Siku ya nne wanaanza saa ya kutotikisika: saa nzima hufungui macho, hukunjui mguu. Goti langu la kushoto likawaka kama limepigwa pasi. Unaambiwa tazama maumivu, usiyachukie wala usiyakimbie. Niliyatukana.

Siku ya sita, katikati ya goti hilohilo, nikaiona redio ya baba. Ya betri, ya kifuko cha ngozi chenye matundu. Niliiangusha mimi, nina miaka kumi na moja. Baba aliporudi nikasema ni mdogo wangu. Alichapwa kwa mpira wa baiskeli mpaka akajikojolea, mimi nimesimama mlangoni nimeshika kile kifuko. Miaka thelathini na mbili sijawahi kuwaza habari ile. Nikalia kamasi zikifika kidevuni, na kujifuta ni kutikisika.

Siku ya mwisho tuliporudishiwa simu nikampigia mdogo wangu. Tulikuwa hatujaongea tangu msiba. Nikasema, "Ile redio niliivunja mimi." Kimya. Kisha: "Wewe unataka shilingi ngapi?"

Chumvi Nyingi: 😂😂 Dogo ana akili huyo.

Mama Wawili: Sicheki mimi. Akasemaje tena?

Mtoro wa Nne B: Mpira wa baiskeli! Wazee wetu walisomea chuo kimoja.

Shehe Mdogo: Sisi tuna itikafu na dhikri toka enzi, sioni haja ya kuagiza Burma.

Mtoro wa Nne B: Itikafu ya mwaka jana shehe ulikuwa hewani saa tisa usiku, ulinijibu mwenyewe.

Shehe Mdogo: Nilikuwa naangalia saa.

Mlinzi wa Geti: Kwa hiyo redio ndiyo mungu wao? Toba ipo kanisani, bure, na goti halivimbi.

Mama Wawili: Wewe Mlinzi hebu tuache. Fundi Saa, mdogo wako akasemaje?

Fundi Saa: Alikata simu. Jumapili iliyofuata akanitumia picha ya redio ya mtumba, anauliza kama ni ile. Siyo ile, lakini nimeinunua.

Nesi wa Zamu: Naongezea kidogo. Mimi nafanya kwenye daladala, nasikiliza mgongo unavyogusa kiti. Nimeshapitilizwa kituo mara mbili. Na mwenye sonona au aliyewahi kuchanganyikiwa asikimbilie siku kumi za kimya, azungumze na daktari kwanza. Tumewahi kupokea mtu.

Chumvi Nyingi: Dawa ya kusinzia kaa njaa.

Binti Mwambao: Uongo, kula kidogo. Njaa utahesabu chapati.

Kibatari: Wakuu nashukuru, hata mimi machozi yamenitoka. Ila mguu wangu bado hamjanijibu. Nikae kwenye kigoda?

Nesi wa Zamu: Kaa kwenye kiti, baba.