Naweka klorini kila siku, maji bado yana ukijani. Nakosea wapi?

Bwawa_Jipya: Habari zenu wakuu. Nimehamia nyumba yenye bwawa la kuogelea, mita 8 kwa 4, kina kinashuka kutoka 1.2 hadi 1.8. Chujio ni la mchanga. Kila asubuhi natia klorini ya chenga ya 65%, lakini maji yana ukijani na kuta zinateleza. Vipimo vya leo: pH (kipimo cha uasidi wa maji) 8.2, klorini huru (ile iliyobaki ya kufanya kazi) 0.5, alkalini (inayozuia pH isiyumbe) 100. Niongeze klorini? Na chujio linaoshwaje?

FundiMaji: Karibu mkuu. Kinachokuangusha ni pH. Kwenye 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini huwa na nguvu ya kuua mwani. Ikivuka 8 haibaki hata robo. Tena hiyo klorini ya chenga yenyewe hupandisha pH, na asubuhi ni saa mbaya kuitia kwa sababu jua huila mchana kutwa.

Leo shusha pH hadi 7.2 au 7.4 kwa asidi ya bwawa. Fuata kipimo cha kwenye chupa, mimina kidogokidogo upande wa kina kirefu pampu ikizunguka, subiri saa chache, upime tena. Alkalini yako ni nzuri, iache.

Kisha sugua kuta na ngazi kwa brashi. Usiruke hatua hii: ule utelezi ni ngao ya mwani, klorini haipenyi vizuri. Bwawa lako lina wastani wa kina 1.5, kwa hiyo 8 × 4 × 1.5 = mita za ujazo 48. Dozi ya kuua mwani ni gramu 15 za hizo chenga kwa kila mita ya ujazo, yaani gramu 720, inayokupa takriban miligramu 10 kwa lita. Jua likizama, ikoroge kwa mafungu kwenye ndoo iliyokwisha kujaa maji, umwage kuzunguka bwawa. Pampu ikeshe. Asubuhi klorini ikiwa imeisha, mwani bado upo: rudia jioni. Asiogelee mtu hadi klorini ishuke kwenye miligramu 3 kwa lita. Baada ya hapo ishikilie kati ya 1 na 3.

Mchanga_na_Pampu: Naongezea la chujio. Andika presha ya geji chujio likiwa safi. Ikipanda bar 0.5 juu ya hapo, fanya bakiwoshi (kuosha mchanga kwa kuyapitisha maji kinyume): zima pampu, geuza mkono wa vali hadi kwenye bakiwoshi, washa dakika 2 au 3 hadi maji kwenye kioo cha kuonea yang'ae. Zima, weka kwenye kusuuza kwa dakika 1, zima, rudisha kwenye kuchuja. Ukigeuza vali pampu ikiwaka, gasketi yake inaharibika na maji yatavujia kwenye bomba la taka bila wewe kujua. Wiki hii ya mwani uliokufa utaosha mara nyingi, ni kawaida.

Kina cha maji kiwe katikati ya mdomo wa skima (tundu la ukutani linalovuta maji ya juu). Kikishuka, pampu inavuta hewa na sili yake (kizuizi cha kuvuja) inaungua.

Bwawa_Jipya: Asanteni sana. Nina vidonge vya klorini pia, nichanganye na chenga nimalize haraka?

FundiMaji: Hapana, tafadhali! Vidonge vya trikloro (aina nyingine ya klorini) vikikutana na hizo chenga vinaweza kulipuka, hata kwa masalia kwenye kikombe cha kupimia. Kila kemikali iwe na kikombe chake kikavu. Asidi nayo hifadhi mbali kabisa: ikigusana na klorini inatoa gesi ya sumu.