Bosi wa timu kanipa kazi yake niiriviu, nimekuta shimo. Namwambiaje?

Mleta uzi: Wakuu habari zenu. Niko timu ndogo ya madevelopa, mimi ndo mgeni, bosi wetu kazi anaijua kweli ila komenti zake zinauma, PR yangu ya juzi (yaani kodi niliyoomba iingizwe kwenye mradi) kaijaza komenti mwanzo mwisho, spesi hapa, jina la variabo baya, sehemu nyingine kaandika "hii nini??" basi. Sasa leo ye mwenyewe kafungua PR kanichagua mimi niriviu, nakuta jina analojaza mtumiaji linaunganishwa hivohivo ndani ya kweri ya SQL (agizo linaloenda database), si ndo injeksheni hiyo, mtu anapenyeza maagizo yake? Nikikaa kimya inamejiwa, inaingia kwenye kodi kuu, nikisema naonekana nalipiza. Nifanyeje

bundi_wa_terminali: Mfuate inboksi, mtu mzima haumbuliwi mbele za watu

semikoloni: Hapana mkuu, ya inboksi yanaishia hukohuko, kesho anayesoma hiyo faili hajui kwa nini ilibadilishwa. Andika palepale kwenye mstari husika ila usimzungumzie yeye, zungumzia kodi. Achana na "umesahau usalama", mpe kitu cha kujaribu, ajaze jina lenye ng', hata ng'ombe, ile alama inafunga maneno ya kweri kabla ya wakati na database inagoma. Hapo mtabishana nini? Halafu weka na dawa yake, kweri yenye vigezo, yaani jina linapelekwa kando na maneno ya kweri

bundi_wa_terminali: ng'ombe 😂😂 hiyo naiba

mlinzi_wa_seva: Mnambembeleza sana huyo bosi. Ukali unajenga, Linus Torvalds aliyeanzisha mfumo endeshi wa Linux alikuwa anawaka hadharani na Linux ipo hadi leo

semikoloni: Huyohuyo Linus Septemba 2018 aliomba radhi kwa ukali wa barua pepe zake akakaa pembeni, karudi Oktoba. Linux ipo kwa sababu watu wengi wanaikagua, matusi hayajawahi kurekebisha bagi (kosa la kodi)

dada_debaga: Mdogo wangu, komenti za spesi si kazi ya binadamu. Omba timu iweke fomata, programu ya kupanga spesi yenyewe, Prettier kama ni JavaScript, Black kama ni Python, iendeshwe kabla ya kumeji, na vile vidogovidogo mtu aanze na "nit:" ujue havizuii kitu. Ila hiyo "hii nini??" usiidharau pamoja na ubaya wake, usimjibu kwa maelezo marefu kwenye komenti, badilisha kodi yenyewe isomeke, maana kama yeye hajaelewa na atakayekuja baada yako hataelewa na maelezo yako hatayaona

Mleta uzi: Nimejaza ng'ombe kwenye mashine yangu imepasuka kweli 😅 nimeandika testi nimeiweka na komenti

semikoloni: Kajibu?

Mleta uzi: Kaweka dole gumba, anauliza kama kuna faili zingine ziko hivyo. Nimetafuta nimekuta mbili, zote za jamaa aliyeshahama timu

dada_debaga: Hizo fungulia PR yake peke yake, usichanganye na hii